Nitajie Mteja Asiye na Namba

Mbukwenyi! Haya, wenyeji wameitika, na nyie wa kule Mtumba mnatazamana tu. Mtazoea.

Mwenyekiti amenipa nusu saa, na mada aliyoniandikia ni ndefu: namna ya kuipima kampuni ya biashara ya mtandao, ile ya kuuza bidhaa huku ukiingiza wanachama wapya chini yako, kabla hujajiunga. Mimi nitaifupisha. Swali nimeliuliza Kongwa, nimeliuliza Mpwapwa, na vijana wa UDOM, Chuo Kikuu chetu cha Dodoma, wamenichoka nalo. Nitajie mteja asiye na namba. Ukinitajia watatu wanaorudi kununua kila mwezi, mimi mwenyewe nitakusindikiza ukajiunge, na nauli ya bajaji nitalipa.

Namba ninayoisema mnaijua. Ukishalipa paketi ya kuanzia unapewa namba, na aliyekuleta anakuweka mguu wake wa kushoto au wa kulia, yaani upande mmojawapo wa safu ya watu walio chini yake. Kuanzia hapo kila unachonunua kinahesabiwa mauzo.

Shemeji yangu yuko Nkuhungu, mwalimu mstaafu. Kiinua mgongo kilipotoka, mwanafunzi wake wa zamani akaja na suti na neno “fursa”. Aliingia kwa laki nane. Miezi saba baadaye nakwenda kumsalimia, naambiwa nisinyooshe miguu, chini ya kitanda kuna maboksi. Nikamwambia shemeji, lete daftari la mauzo. Ni mwalimu, daftari lake limepigwa mistari vizuri, mauzo 31.

Tukaanza. Dawa ya meno mbili, kamuuzia nani? Jirani. Jirani ana namba? Anayo, nilimuingiza mimi. Chai ya kusafisha mwili? Dada wa kwaya. Ana namba? Anayo. Hii ya tarehe 28, vidonge vya viungo, boksi zima? Kimya. Kisha akasema: “Hiyo nilinunua mwenyewe, nilikuwa nimebakiza pointi kidogo nisishuke ngazi.” Mwezi uliofuata, tarehe 29, vilevile. Uliofuata, vilevile. Bonasi aliyopata kwa miezi saba ilikuwa ndogo kuliko alichonunua mwishoni mwa mwezi ili astahili kuilipwa!

Katika mauzo 31 tulimpata mteja mmoja asiye na namba. Fundi baiskeli. Alichukua dawa ya meno moja ya elfu kumi na mbili, na alichukua kwa mkopo. Hajalipa mpaka leo. Nilikwenda kumuuliza kwa nini aliinunua, akanijibu kwamba mwalimu alimfundisha mwanawe kusoma, angemkataliaje? Dukani pale pembeni yake kuna dawa ya meno ya elfu mbili na mia tano. Kwa hiyo hata yule mmoja hakununua dawa ya meno, alilipa fadhila. Kwa deni.

Ndiyo maana nang'ang'ania swali hili. Mkulima wa zabibu wa Hombolo hawauzii zabibu wakulima wenzake, na alizeti ya Kibaigwa inaliwa na watu wasiojua hata Kibaigwa iko wapi. Pesa inatoka nje, inaingia. Bidhaa isiyovuka uzio wa wanachama haileti pesa yoyote, inahamisha tu ya aliyeingia jana kwenda kwa aliyeingia juzi.

“Walete sita tu,” wanasema, “na kila mmoja alete sita.” Sawa. Ngazi ya tatu ni watu 216. Ya nane ni 1,679,616. Ya tisa inapita milioni kumi, na mkoa wetu wote wa Dodoma sensa ya 2022 ilihesabu watu 3,085,625. Ngazi ya kumi ni 60,466,176. Nchi nzima tulikuwa 61,741,120, pamoja na vichanga na bibi yangu wa Mvumi ambaye hana meno ya kupigia mswaki. Ukijumlisha na ngazi tisa za juu, Watanzania hawatoshi. Hiyo ndiyo piramidi: kila ngazi inalishwa na ngazi kubwa zaidi iliyo chini yake.

Naona kijana anainua mkono, na najua atakachosema: hata ofisini bosi yuko juu, wadogo wako chini, hiyo nayo piramidi. Shusha mkono, mwanangu. Nilipoajiriwa mimi, bosi hakulipwa kwa kuniajiri, na sikununua sare maboksi mawili ili nipate mshahara wangu.

Na akina mama msinune ninapotaja upatu. Mchezo wenu mnaocheza, kijumbe mnamjua mpaka kwao, mko kumi, mnatoa sawa, kila mmoja anapokea zamu yake, umekwisha. Hauhitaji mtu wa kumi na moja. Ule upatu wa piramidi Kanuni ya Adhabu inaukataza, kifungu cha 171A, na hauwezi kuishi bila mtu wa kumi na moja. Mnaikumbuka DECI, ile piramidi ya mwaka 2009? Watu “walipanda mbegu”, yaani walitoa pesa wakiahidiwa kuvuna zaidi, na waliowapandisha walikuwa wachungaji. Kwa hiyo usiniambie aliyekuletea fursa ni mtu wa Mungu.

Sisemi kampuni zote ni wizi. Marekani, mwaka 1979, Tume yao ya Biashara iliamua kesi ya Amway, kampuni ya biashara ya mtandao, ikasema si piramidi. Kwa nini? Kampuni ilikuwa na masharti: msambazaji auze asilimia 70 ya alichonunua kila mwezi ndipo alipwe bonasi, awe na wateja kumi wa rejareja kila mwezi, na bidhaa isiyouzika irudishwe. Wateja kumi! Swali langu hilohilo, wao waliliuliza nikiwa bado natembea peku. Na 2016 Herbalife, kampuni nyingine ya aina hiyo, walikubali kulipa dola milioni 200 na kubadilisha malipo yao yafuate mauzo halisi. Basi ukienda kwenye semina yao, uliza: sharti hilo mnalo? Mnalikagua vipi?

Dakika tano? Mwenyekiti, saa yako inakimbia. Haya, haraka. Cheti cha BRELA, wasajili wa kampuni, kinaonyesha kampuni imesajiliwa, hakisemi biashara ni halali, msitishwe na fremu ya kioo. Bidhaa ikidaiwa kutibu sukari au presha, ulizeni TMDA, mamlaka ya dawa, msiulize aliyewaingiza. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, mdai. Kuhusu kukopa saccos ili kununua ngazi nilikuwa na mengi, na karatasi ninayo, lakini naona chai imeshaletwa.

Dada wa mstari wa nyuma, mwenye boksi chini ya kiti, nimekuona tangu naingia. Njoo tunywe chai, uje na daftari. Dawa ya meno ninayo.