Plagi Nyekundu: Kusaka Metali Ndani ya Petroli

Salum: Wasikilizaji, hamjambo? Tuko Dar es Salaam, joto la leo si mchezo. Niko na dada Rehema, anayepima mafuta maabara. Mezani kwangu kuna plagi ya pikipiki, katuletea fundi mmoja wa Buguruni. Ncha yake ni nyekundu kama kutu.

Rehema: Iinue kidogo kwenye mwanga. Haya si masizi, kaka Salum, masizi ni meusi. Wekundu huu mara nyingi ni chuma au metali iitwayo manganizi, kutoka kwenye dawa za kupandisha oktani, yaani za kuzuia petroli isigonge kwenye injini. Petroli inaungua na kuondoka, metali inabaki imeganda hapo.

Salum: Fundi anauliza kama angeweza kuiona kwenye petroli yenyewe.

Rehema: Kwa macho, hawezi. Kiwango cha Ulaya kinaruhusu miligramu 2 tu za manganizi kwa lita, na 5 za risasi.

Salum: Risasi metali, si ya bunduki.

Rehema: Hiyohiyo waliyoanza kuitia kwenye petroli miaka ya 1920. Sisi wa kusini mwa Sahara tuliachana nayo kuanzia 2006, Algeria wakafunga orodha ya dunia nzima 2021. Sasa tunatafuta mabaki, na vitu vidogo namna hiyo vinahitaji spektrometa ya plazma, mashine inayotambua metali kwa mwanga wake. Gesi ya agoni inapashwa moto kwa mawimbi ya redio hadi nyuzi 6,000, hata 10,000, inakuwa kama ulimi wa moto; hiyo ndiyo plazma. Kwenye joto hilo kila metali inatoa mwanga wake. Rangi inakwambia ni metali ipi, ukali wa mwanga unakwambia ni kiasi gani.

Salum: Kumbe rahisi.

Rehema: Kwa maji, ndiyo. Sampuli inapulizwa ndani ya chemba ya mashine ikawa ukungu, matone makubwa yanaanguka, kinachofika kwenye plazma ni asilimia chache tu. Petroli haina subira hiyo. Ikimwagika sheli, mhudumu hajageuka imeshakauka, si ndiyo? Basi na ndani ya chemba inageuka mvuke, mvuke wote unaivamia plazma kwa mkupuo.

Salum: Inazimika?

Rehema: Ilinizimikia mimi. Nilikuwa mgeni kwenye kazi, nikaingiza petroli bila kuizimua, mchana, umeme wa kipoza hewa umekatika. Ule ulimi wa moto ukawa kijani, kijani ya kaboni, ukatikisika mara mbili, pap! Nilipofungua, ncha ya mashine ilikuwa na gamba jeusi kama kitako cha sufuria kwenye jiko la mchina. Nusu siku nasafisha.

Salum: Pole dada. Sasa mnafanyaje?

Rehema: Chemba inapozwa, nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri. Petroli inazimuliwa kwa mafuta ya taa yaliyosafishwa sana. Unaongeza oksijeni kidogo ili kaboni iungue isigande. Lakini hayo ni ya kuifanya mashine isizime. Kosa linaloniuma ni jingine, kwa sababu halionekani.

Salum: Lipi?

Rehema: Mashine inalinganisha. Unaionyesha kwanza mafuta yenye risasi ya kiasi unachokijua, halafu sampuli. Risasi ya kwenye mafuta ya kulinganishia imeshikwa kwenye kampaundi nzito, inasafiri na matone. Ile ya kwenye petroli iko kwenye kampaundi iitwayo tetraethili, yenyewe inaruka kuwa mvuke. Kiasi ni kilekile, ila ya petroli inafika nyingi zaidi kwenye moto. Mashine inakuandikia namba kubwa kuliko ukweli, kwa upole kabisa, hailii wala haizimi.

Salum: Yaani mtu ana mzigo wa meli pale Kurasini, anaambiwa haufai, kumbe unafaa?

Rehema: Inawezekana kabisa! Ndiyo maana unatia iodini kwanza. Inaivunja ile tetraethili, risasi inatulia, inasafiri kama mwenzake. Ukiruka hatua hiyo, usitie sahihi kwenye karatasi.

Salum: Fundi anataka kuleta petroli yake.

Rehema: Asilete kwenye chupa ya maji. Chupa ya kioo, kifuniko kinachobana, abakize nafasi kidogo juu, aiweke kwenye boksi la barafu. Nikiacha kikombe cha petroli wazi juu ya mizani, naona namba ya mwisho ikishuka, ikishuka, sijagusa kitu. Inayoondoka ni petroli, metali nzito zinabaki, na sampuli inazidi kuwa kali kuliko ilivyokuwa kwenye tangi. Achote asubuhi, kabla ya jua.

Salum: Na plagi?

Rehema: Niachie. Nitauyeyusha huo wekundu kwa asidi na maji, nitajua kesho kama ni chuma au manganizi.