Stesheni si ya Mwenye Tiketi Peke Yake

Naona wengine mmeshaanza kutabasamu. Mnajua nitasema nini. Nimelisema kwenye semina za mipango miji mpaka mke wangu akawa ananimalizia sentensi. Basi tusipotezeane muda. Kwamba Mjerumani alianza kutandika reli hapa Dar mwaka 1905 na ikafika Kigoma 1914, hayo mlisoma shuleni. Mimi nataka kuzungumzia watu wasiosafiri.

Mliokulia mjini hapa mnaikumbuka siku ya treni ya Kigoma, pale stesheni ya zamani. Anasafiri mtu mmoja, anasindikizwa na ukoo. Kuna shangazi aliyekuja kulia tu. Kuna kijana hamjui abiria hata mmoja, anapita dirisha kwa dirisha akitafuta uso wa kuaminika: "Baba shikamoo, naomba unifikishie hii Uvinza, mdogo wangu atakuwepo stesheni." Anakabidhi bahasha yenye hela kwa mtu asiyemjua, na bahasha inafika! Treni ikiingia kutoka bara ndiyo usiseme: madumu ya mawese, magunia ya dagaa, asali ya Tabora, wachukuzi wanagombea mzigo, na wafanyabiashara wa Kariakoo wamesimama palepale wanataka bei kabla gunia halijagusa chini. Treni ikichelewa, na ilichelewa, tusidanganyane, watu walitandika kanga sakafuni wakalala, mamantilie akapika mara ya pili. Nafahamu ndoa mbili zilizoanzia kwenye foleni ya tiketi. Moja imedumu.

Sasa watu hao wote, kwenye hesabu za reli, ni tiketi moja. Shangazi hayumo. Mwenye bahasha hayumo. Mamantilie akihesabiwa, anahesabiwa kama tatizo. Mtu anayechora jengo akishapewa hesabu ya namna hiyo, mnategemea achore nini?

Nendeni mkaangalie jengo jipya la treni ya umeme, lile lenye umbo la tanzanite. Sina ugomvi nalo. Tangu 2024 mtu anakunywa chai Dar na kula mchana Dodoma. Nimeipanda hiyo treni na nimefurahi kama mtoto. Lakini mama aliyemleta bintiye anayekwenda chuo anaishia kwenye mageti. Tiketi, kitambulisho, mashine ya mizigo, halafu wanapungiana kwa mbali.

Mtaniambia usalama. Kila mara kuna mtu ananiambia usalama, kwa kawaida mtu mwenye gari. "Mzee, mbona hata uwanja wa ndege uko hivyo?" Ndiyo, ila pale uwanjani Kipawa mtu haendi kama hana shughuli na ndege. Stesheni iko katikati ya mji, jirani na Gerezani, watu wanapita hapo wakienda na kurudi kutwa nzima. Wala sisemi watu waachiwe kuzurura kando ya treni ya umeme. Ule waya hauna utani. Kagueni watu kabla ya kupanda jukwaani, kwa ukali mtakaotaka, ila ukumbi wa chini uacheni wazi, wenye mabenchi. Na uchafu? Mpeni mamantilie bomba la maji na pipa la taka, kisha ndiyo mje kunilalamikia uchafu.

Oktoba 2012 ilipoanza treni ya mjini, ile mliyoibatiza ya Mwakyembe kwa sababu ya waziri, vituo vyake vya njiani havikuwa majengo ya kujivunia. Buguruni, Tabata, Mabibo, hadi Ubungo Maziwa. Lakini watu walikimalizia kituo wenyewe: alfajiri chai na vitumbua, jioni mafungu ya nyanya na mchicha ili mtu ashuke arudi nyumbani na mboga mkononi, bodaboda wamejipanga nje. Hakuna mhandisi aliyelipwa kwa kazi hiyo. Nasi kila tukitaka kuboresha kituo, hatua ya kwanza ni kuwafukuza hao.

Mwenyekiti ananionyesha vidole vitano. Dakika tano? Sijafika hata Tazara!

Haya, Tazara, ile reli ya Zambia aliyojenga Mchina, kwa mkato. Mji mmoja, reli tatu, na hakuna hata mbili zenye upana mmoja: ya Mjerumani milimita 1,000, ya Mchina milimita 1,067, ya kisasa 1,435. Behewa la moja haliwezi kukanyaga nyingine. Mabehewa tuyaache, nawauliza kuhusu mtu. Abiria ametoka Kapiri Mposhi, Zambia, kilomita 1,860, anashuka Tazara na mtoto mgongoni anataka kwenda Dodoma. Atafute bajaji apambane na foleni ya Barabara ya Nyerere mpaka mjini, wakati ukumbi mkubwa wa Tazara ameuacha nyuma yake hauna watu. Mnisaidie kufikiri ule ukumbi unaweza kufanya kazi gani siku ambazo hakuna treni. Mimi nilikuwa na mawazo matatu, muda umeyala.

Vyoo naviruka. Kivuli pia. Nyie wanafunzi wa usanifu majengo, wale wa nyuma mnaochati: mkiniletea mchoro wa stesheni, nitatafuta kwanza benchi liko upande gani wa geti.

Maswali. Wewe dada, umenyoosha mkono tangu niliposema usalama. Una gari?