Mlango Ulio Salama: Biashara, Wageni na Watu wa Mapenzi ya Jinsia Moja

Mhadhara kwa wanafunzi wa hoteli na wenye nyumba za wageni, jijini Mwanza

Mwangaluka, wazee wangu, na shikamooni. Wadogo zangu mnaosomea hoteli na utalii, habari za asubuhi.

Mmeniomba nieleze jinsi biashara za huku na huko duniani zinavyowapokea watu wa mapenzi ya jinsia moja, pamoja na wale wanaojitambua kwa jinsia tofauti na ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Mada hii kwetu huzungumzwa kwa kunong'ona au kwa matusi. Leo nitaizungumza kwa sauti yangu ya kila siku, kwa sababu ni mambo ya watu, na kazi mnayosomea ni kazi ya watu.

Nianze na sheria yetu, maana siwezi kusimama Mwanza nikazungumza kana kwamba tupo Ulaya. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kujamiiana kinyume cha maumbile kuwa kosa la jinai. Tangu marekebisho ya 1998, adhabu yake haishuki chini ya miaka 30 na inaweza kufika kifungo cha maisha. Maneno hayo hayakutungwa na wazee wetu. Waingereza waliyaandika India mwaka 1860, yakapita koloni moja hadi jingine, yakafika Tanganyika katika kanuni ya 1930. Uingereza ilianza kuacha kuwafunga watu wake kwa kosa hilo mwaka 1967. India nayo, Mahakama yake ya Juu iliwaondoa kwenye kifungu hicho watu wazima waliokubaliana wenyewe, Septemba 2018. Sisi tumekishika, tena tumekiongezea makali.

Simwambii mtu yeyote hapa avunje sheria ya nchi. Ninachosema ni kwamba sheria hiyo inaadhibu tendo. Haijaandika popote kwamba mtu anyimwe chai, achaniwe nguo stendi, au apigwe picha kwa siri na kurushwa kwenye magrupu ya WhatsApp kwa sababu ya sauti yake au mwendo wake. Katiba hiyohiyo tunayoapa kuilinda, ibara ya 12, inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Ibara ya 16 inalinda maisha binafsi ya mtu na maskani yake. Gesti ni maskani ya mgeni kwa usiku ule aliolipia.

Sasa twende bandarini, kwa kuwa mji wa bandari mnaujua. Mwaka 1927 mwanamke mmoja aitwaye Bet van Beeren alifungua baa ndogo katika mtaa wa Zeedijk, karibu na bandari ya Amsterdam, akaiita Café 't Mandje. Bet alipenda wanawake na hakuficha, katika miaka ambayo wengi walificha hata kwa ndugu wa tumbo moja. Kwake waliingia mabaharia, makahaba, wanaume wanaopenda wanaume, wanawake wanaopenda wanawake, na majirani waliotaka kinywaji tu. Alikuwa na mtindo wa kukata tai za wateja na kuzining'iniza darini. Husimuliwa pia kwamba palikuwa na taa ya umbo la bundi juu ya kaunta: ikiwashwa, wateja walielewa kuna mtu asiyefahamika ameingia, pengine askari, na kila mtu akajiweka sawa. Uholanzi ya wakati ule haikuwa hii mnayoisikia leo. Tendo lenyewe kati ya watu wazima halikuwa kosa, ila tangu 1911 kulikuwa na kifungu kilichowawekea umri wa kuruhusiwa mkubwa kuliko wa watu wengine, kilichokuja kufutwa 1971, na baa iliyokasirisha wakubwa iliweza kufungwa.

Huyu mama aliendesha baa yake humo humo, ndani ya hali hiyo, mpaka alipofariki mwaka 1967. Ndoa za kwanza za jinsia moja kutambuliwa na sheria ya nchi zilifungwa katika jiji hilohilo tarehe 1 Aprili 2001. Hesabuni wenyewe: mlango wa Bet ulitangulia sheria kwa miaka 74. Ndiyo sababu nakwenda kwake kabla ya kwenda bungeni. Mahali huanza kuwa salama pale mwenye mahali anapoamua kwamba mtu huyu hataaibishwa mbele yake.

New York walifanya kinyume, na madhara yake yanatuhusu. Mamlaka ya leseni za pombe ya jimbo lile ilizihesabu baa zenye wateja wa namna hii kuwa baa za vurugu, kwa hiyo mwenye baa aliyewahudumia aliweka leseni yake rehani. Aprili 1966 Dick Leitsch na wenzake wachache wa Mattachine, chama kilichowatetea watu hawa, walizunguka baa za jiji wakijitambulisha waziwazi kuwa wanapenda wanaume na kuomba kinywaji kama wateja wengine. Walipofika baa ya Julius', mhudumu alifunika glasi kwa kiganja chake. Picha ya kiganja kile ipo hadi leo, na nawaomba mliomo kwenye fani hii muitafute muitazame, maana aliyepigwa picha ni mtu wa kazi yenu.

Wenye biashara halali walipofunga milango, nani aliifungua? Mafia, yale magenge ya wahalifu. Stonewall Inn, baa ambayo msako wa polisi usiku wa kuamkia tarehe 28 Juni 1969 uliwafanya wateja wakatae kunyanyaswa tena, ilikuwa mali ya mafia. Pombe ilichanganywa na maji, nyuma ya kaunta hapakuwa na bomba la kuoshea glasi, na polisi walipokea bahasha zao. Mtu asiye na pa kwenda hulipa bei yoyote na hawezi kulalamika kokote. Afrika Mashariki tuna sura yetu ya jambo hilo: kijana anatongozwa kwenye simu, anaitwa chumbani, kisha wanaingia wanaume wanaojiita askari, wanampiga picha, wanamwambia atume pesa kwa simu hadi salio liishe. Chumba hicho mara nyingi ni cha gesti. Wenye gesti mliopo hapa, hao matapeli wanatumia funguo zenu.

Wapo humu watu wa Geita na Kahama, kwa hiyo niwasimulie habari ya wachimba migodi. Mwaka 1984 wachimba makaa ya mawe wa Uingereza waligoma kupinga kufungwa kwa migodi. Mgomo ulidumu karibu mwaka mzima, na familia zikakosa mkate. London kulikuwa na duka la vitabu, Gay's the Word, lililofunguliwa 1979. Mwaka huohuo wa mgomo maofisa wa forodha walilivamia na kuchukua vitabu vingi, wakawafungulia mashtaka waliokuwa wakiliendesha. Mashtaka yalikuja kuondolewa. Vijana wapenzi wa jinsia moja, Mark Ashton akiwa mmoja wao, walianzisha kikundi cha kuwasaidia wachimbaji, wakafanyia mikutano yao ndani ya duka hilo na kukusanya sarafu kwa ndoo barabarani. Hoja yao ilikuwa kwamba wao na wachimbaji wanaonewa na polisi walewale na kutukanwa na magazeti yaleyale.

Fedha zao zilikwenda kwa wachimbaji wa kusini mwa Wales, bonde la Dulais na jirani zake. Ni watu wa vijijini, wa kanisani, wanaume wa kazi ngumu. Mmoja wao, Dai Donovan, alikwenda London kuwashukuru. Kisha vijana wale wakaalikwa Wales, wakalala kwenye nyumba za wachimbaji, wakala mezani pamoja na mama zao. Mgomo ulishindwa Machi 1985. Miezi michache baadaye, maandamano ya wapenzi wa jinsia moja ya London yaliongozwa na wachimbaji waliobeba bendera za chama chao. Mwaka huohuo chama cha Labour kilipitisha azimio la kutetea haki za watu hao, na umoja wa wachimba migodi ulikuwa miongoni mwa walioliunga mkono. Hakuna aliyewahubiria wachimbaji wale. Walikula na watu, wakawajua. Mimi naamini njia hiyo kuliko kampeni yoyote ya mabango. Wala sivutiwi na kampuni inayopaka nembo yake rangi za upinde wa mvua mwezi mmoja kwa mwaka, halafu ofisini kwake mtu anaogopa kutaja anaishi na nani.

Afrika tunao ushahidi wetu. Simon Nkoli alikuwa mpigania uhuru wa Afrika Kusini aliyeshtakiwa kwa uhaini katika kesi ya Delmas miaka ya 1980, pamoja na Popo Molefe na Terror Lekota. Aliwaambia wenzake gerezani kwamba anapenda wanaume. Palitokea mvutano mkali, wengine wakiogopa kwamba kesi itachafuka. Walivuka. Nkoli aliachiwa, akasaidia kuandaa maandamano ya Johannesburg ya Oktoba 1990, na Lekota baadaye aliuliza hadharani wangewezaje kumbagua mtu kama Simon aliyebeba mzigo wa ukombozi pamoja nao. Katiba yao mpya, ile ya mpito ya 1993 kisha ya 1996, ikawa ya kwanza duniani kukataza wazi ubaguzi wa namna hii, na ndoa zikafuata 2006. Msidhani yakaishia hapo. Eudy Simelane, aliyeichezea timu ya taifa ya wanawake ya soka na aliyependa wanawake bila kuficha, aliuawa KwaThema mwaka 2008. Kituo cha utafiti cha Pew kilipochapisha matokeo yake mwaka 2020, Waafrika Kusini waliosema jamii iwakubali watu hawa walikuwa asilimia 54. Wakenya walikuwa 14, Wanigeria 7, Waswidi 94. Katiba nzuri kuliko zote na nusu tu ya watu nyuma yake: pengo hilo ndilo alimofia Eudy.

Najua swali lililo mioyoni mwa wengi: na imani yangu je? Mimi pia ni mwumini, silichukulii swali hilo kwa wepesi. Kulikuwa na mume na mke Wakristo, wenye nyumba ya wageni Cornwall, Uingereza, waliowanyima wanaume wawili chumba cha kitanda kimoja mwaka 2008. Walikuwa wakweli, waliwanyima pia wanawake na wanaume wasiooana. Mahakama ya Juu iliamua dhidi yao mwaka 2013, kwa kuwa wanaume wale walikuwa wamefunga muungano uliotambuliwa na sheria ya huko. Nawaonea huruma wenye nyumba wale, na bado naona mahakama ilikuwa sahihi. Ukishafungua mlango kwa umma na kuweka bei ukutani, hujamwalika mgeni aje kuungama kwako. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na hawakutanguliza masharti.

Sasa turudi ziwani. Ng'ambo ya pili, Uganda, sheria ya Mei 2023 iliweka hadi adhabu ya kifo kwa makosa waliyoyaita mazito zaidi. Ninyi wenye nyumba sikilizeni vizuri: sheria hiyo ilimtishia pia mwenye jengo aliyeruhusu litumike, na ikamtaka kila raia atoe taarifa. Wapangaji walifukuzwa na wenye nyumba waliojiogopea. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo, lakini ikavifuta vipengele vya jengo na vya kutoa taarifa, ikitaja haki ya faragha, ya afya na ya imani. Hata mahakama iliyoikubali sheria ile ilikataa kumgeuza mwenye nyumba kuwa mpelelezi. Kenya, Mahakama Kuu ilikataa kufuta vifungu vya wakoloni Mei 2019, lakini Mahakama ya Juu ikasema Februari 2023 kwamba watu hawa wana haki ya kusajili chama. Vuka Rusumo uingie Rwanda, hakuna kifungu cha namna hiyo kabisa. Kongo pia hakuna. Nawatajia haya kwa sababu kila mara naambiwa Afrika yote ni moja katika jambo hili.

Kwa hiyo pale mapokezi ufanye nini? Dereva wa lori na utingo wake hulala chumba kimoja kila usiku hapa Mwanza ili wapunguze gharama, na wanawake wawili waliotoka Ukerewe na mizigo hufanya hivyohivyo. Hujawahi kuwauliza. Usianze kuuliza kwa sababu mmoja kavaa hereni. Jina lililo kwenye kitambulisho likiwa la kiume na aliyesimama mbele yako amevaa gauni, linganisha sura, andika namba, mpe ufunguo, na sauti yako ibaki ileile uliyompokelea aliyemtangulia. Daftari la wageni halisomwi kijiweni: tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kumpigia simu rafiki yako umwambie nani yuko chumba namba saba ni kuvujisha taarifa uliyoaminiwa. Askari akija, apelekwe kwa meneja, aonyeshe kitambulisho na hati, yaandikwe. Hapo ndipo wale askari bandia hukwama. Kundi likijikusanya nje linamtaka mgeni wako, funga geti kwanza, piga simu polisi na kwa mwenyekiti wa mtaa, mtoe mgeni kwa mlango wa nyuma akiwa na mizigo yake yote, na umrudishie pesa ya usiku aliokosa.

Nimemaliza sehemu yangu. Naona mikono imeinuka upande wa dirishani. Tuanze na yule dada, kisha mzee wa Igoma.