Nani Anaandika Kibao cha Mgodi?

Assalaamu alaikum wazee wangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mlioacha mpira jioni hii mkaja kunisikiliza hapa Chake Chake. Nimeombwa nizungumze juu ya urithi wa viwanda na migodi. Nitaanzia mbali, Japani na Korea Kusini, kwa sababu ugomvi wao juu ya nani atajwe katika migodi ya zamani unatuhusu sisi watu wa karafuu.

Nje kidogo ya Nagasaki kuna kisiwa kiitwacho Hashima. Urefu wake haufiki hata nusu kilomita. Kampuni ya Mitsubishi ilikinunua mwaka 1890 kwa ajili ya makaa ya mawe yaliyo chini ya bahari, ikakizungushia ukuta na kukijaza majumba ya ghorofa ya zege. Mwaka 1959 waliishi humo watu 5,259. Mgodi ulifungwa Januari 1974, na baada ya miezi michache hakubaki mtu. Leo watalii hupelekwa kwa boti kutazama magofu.

Lakini kazi haikuwa kwenye majumba yale. Mchimbaji alishushwa zaidi ya mita 600 chini ya usawa wa bahari, kwenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 95. Japani iliitawala Korea tangu 1910 hadi 1945. Vita vilipopamba moto, vijana wa Kijapani wakapelekwa jeshini, na nafasi zao shimoni zikajazwa na Wakorea na Wachina.

Julai 2015, mjini Bonn, Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO iliyaingiza katika orodha yake maeneo 23 ya mapinduzi ya viwanda ya enzi ya Meiji, Hashima kikiwa kimojawapo. Japani ilikuwa imeikata hadithi yake mwaka 1910, mwaka ule ule Korea ilipomezwa. Korea Kusini ikapinga. Ndipo balozi wa Japani alipokiri mbele ya kamati kwamba Wakorea wengi na watu wengine walichukuliwa bila ya hiari yao, wakafanyishwa kazi katika hali ngumu miaka ya 1940, na akaahidi kituo cha kuwaeleza wageni habari hizo. Kwa ahadi hiyo orodha ikapita. Muda si mrefu waziri wa mambo ya nje, Fumio Kishida, akasema maneno ya balozi hayakuwa na maana ya kazi ya kulazimishwa.

Kituo kilifunguliwa mwaka 2020, tena Tokyo, mamia ya kilomita kutoka kisiwani. Ndani yake zimewekwa kauli za wakaazi wa zamani wa Hashima wanaosema hawakuona ubaguzi. Mimi sisemi kwamba wazee wale ni waongo. Mtoto aliyekulia pale anakumbuka skuli yake na jirani mwema, na kumbukumbu hiyo ni haki yake. Ila haiwezi kuifuta kumbukumbu ya mtu mzima aliyeshushwa shimoni kwa amri. Mwaka 2021 kamati ilisema waziwazi kwamba inasikitishwa sana na jinsi ahadi ile ilivyotekelezwa. Mwaka 2025 Korea ikataka suala lijadiliwe tena, kura zikapigwa Paris: 7 upande wa Japani, 3 dhidi yake, wengi wa waliobaki wasiegemee popote. Suala likaondolewa kwenye ajenda.

Kisa cha Sado ndicho kinachoniuma zaidi. Hicho nacho ni kisiwa cha Japani, cha machimbo ya dhahabu, na wakati wa vita kiasi cha Wakorea 1,500 walifanya kazi humo. Mwaka 2024, mjini New Delhi, Korea ilikubali kiingie katika orodha baada ya kuahidiwa maonyesho na hafla ya kuwakumbuka wachimbaji kila mwaka. Ilipofika hafla ya kwanza, Novemba, ujumbe wa Korea haukuhudhuria. Kesho yake jamaa za marehemu wakafanya kumbukumbu yao pale lilipokuwa bweni la wachimbaji wa Kikorea. Kisiwa kimoja, wafu wale wale, na hawakuombewa pamoja.

Suala la fidia ya wafanyakazi wale lina njia zake. Japani inashikilia kwamba lilimalizwa na mkataba wa 1965, na Mahakama ya Juu ya Korea Kusini mwaka 2018 iliona vingine. Mimi hapa nazungumzia kibao tu, kile kinachomweleza mgeni nani alifanya kazi pale.

Turudi kwetu. Ukipita karibu na kiwanda cha mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, pale Wawi, harufu inakufika kabla hujaona paa. Mafuta yale tunajivunia, na ni haki yetu. Lakini tujiulize mikarafuu ilipandwa na nani. Kimbunga cha 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja kwa wingi, Pemba ikasalimika zaidi na kuwa ndiyo shamba kuu. Mwaka wa pili yake Sultan Barghash alitia saini mkataba na Waingereza, soko la watumwa likafungwa Unguja. Hata hivyo majahazi ya magendo yaliendelea kuwavusha watu kuja Pemba, maana karafuu zilitaka mikono. Mwaka 1897 sheria ikafuta hadhi ya utumwa, na aliyewekewa fidia ni mwenye mtumwa. Aliyepanda, aliyechuma, aliyekesha akichambua karafuu kutoka kwenye makonyo, hakuwekewa kitu.

Kule Mkunazini, mjini Unguja, lipo kanisa lililojengwa mahali pa soko lile la watumwa, na sanamu za watu waliofungwa minyororo. Ni jambo jema. Ila sokoni mtu alipita tu. Maisha yake aliyamaliza shambani, na mashambani kwetu sijaona kibao kinachomtaja.

Najua mmoja wenu atasema tusifukue, kwani humu ndani wamo wajukuu wa mwenye shamba na wa mchumaji, pengine katika mtu mmoja. Ndiyo sababu tunaweza kuyasema bila ya kugombana, Japani na Korea hawana bahati hiyo.

Wengi wa watumwa wale wa mashamba yetu walitoka upande wa Ziwa Nyasa na pwani ya kusini. Basi siku tutakapoandika kibao cha shamba la karafuu, rasimu ipelekwe kwanza Lindi, Msumbiji na Malawi, isomwe na walimu na wazee wa huko. Wakiikataa sentensi, tukae nao kitako tuiandike upya, kabla fundi hajaanza kuchonga.