Galaksi Si Dawa ya Mbu

Asanteni, kaeni. Nanasi lililo hapa mezani si la kula, tutalifikia.

Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili: ukisema umechora hesabu ya maumbile, ipime kwanza. Nalirudia kwa sababu juzi tu nimesimama mbele ya mchoro wa galaksi, lile kundi kubwa la nyota; mchoro mkubwa, rangi zimekolea, kazi ya kijana mwenye mkono kwelikweli. Pembeni pameandikwa: "Uwiano wa dhahabu," yaani ile namba ya karibu 1.618 inayosifiwa kuwa siri ya maumbile. Nikatoa rula. Mikono ya ile galaksi, yaani michirizi yake ya nyota inayojisokota, ilikuwa imeachana kwa nafasi ileile tangu katikati hadi ukingoni. Kijana alikuwa amechora dawa ya mbu, ile ya kuzunguka, tunayoiwasha jioni chini ya kitanda.

Niwape kisa cha Jacob Bernoulli, mwanahisabati wa Basel, Uswisi. Huyu bwana alipenda msokoto mmoja kupita kiasi, akauita msokoto wa ajabu. Shikeni ganda la kome muutazame. Kila duru inakuwa pana kuliko iliyotangulia, na kila mara upana unazidishwa kwa namba ileile. Ukichora mstari kutoka katikati kwenda nje, msokoto unaukata mstari huo kwa pembe moja, popote ulipo. Ukuze mara kumi, kisha uzungushe kidogo: utalala juu ya ule wa mwanzo bila kupishana. Ndiyo maana mnyama anakua na nyumba yake haibadiliki umbo. Dawa ya mbu haina sifa hiyo. Chapati uliyoizungusha kabla ya kuisukuma haina sifa hiyo. Pale unene wa kamba ni mmoja, basi na nafasi ni moja; ukiikuza, nafasi zinapanuka na umeshapata kitu kingine.

Bernoulli akaomba msokoto wake uchongwe kwenye kaburi lake, na maneno ya Kilatini yenye maana kwamba nimebadilika, lakini nafufuka nikiwa yuleyule. Akafariki 1705. Fundi mawe akapokea kazi, akachonga maneno vizuri kabisa, na chini yake akachonga msokoto wa nafasi sawa. Dawa ya mbu! Jiwe lipo hadi leo katika kanisa kuu la Basel, zaidi ya miaka 300, maneno yanasema hivi na picha inasema vingine.

Najua kuna mtu hapo nyuma anataka kuniambia: mwalimu, sanaa ni uhuru, nani atapima? Chora utakavyo, ndugu yangu, galaksi yako iwe ya pembe nne ukitaka, na nitakuja kuitazama. Lakini ukimwambia mtazamaji kwamba hii ni hesabu ya maumbile, umempa ahadi. Timiza. Na anayepima yupo, mimi nimepima.

Mwingine atasema: basi tubandike ule msokoto wa dhahabu, unaokua kwa uwiano wa dhahabu, juu ya kila kitu, tumalize. Hapana! Huo ndio ugonjwa wa pili. Msokoto wa dhahabu hukua karibu mara 7 kila duru. Ganda la nautilasi, mnyama wa baharini, linalochapishwa kila mahali kama mfano wake, hukua kama mara 3 tu. Na mikono ya galaksi hailazimiki kumfuata yeyote. Pima inavyochepuka kutoka kwenye duara: ya galaksi yetu ni kama nyuzi 12, msokoto wa dhahabu ni 17, kuna galaksi zilizobana chini ya 10 na zilizolegea kupita 30. Kila moja ina namba yake, na msanii ana kazi ya kuitafuta.

Mwaka 1845, huko Birr, Ayalandi, mtazamaji nyota Lord Rosse alielekeza darubini yenye kioo cha mita 1.8 kwenye wingu hafifu tunaloliita leo M51, akachora kwa mkono alichokiona. Ndiyo mara ya kwanza msokoto wa galaksi kuonekana, na uliingia duniani kama mchoro. Hakujua kwamba ni galaksi. Hilo lilisubiri miaka ya 1920. Alichora alichokiona, basi.

Na mkichora mikono hiyo, msiichore kama kamba. Kama ingekuwa kamba, ingejizungushia katikati ikabana zamani. Wanasayansi Lin na Shu walieleza mwaka 1964 kwamba mkono ni kama foleni. Simama makutano ya Tazara, Dar es Salaam, saa kumi na moja jioni: foleni iko palepale, magari ndani yake yanaingia na kutoka. Nyota nazo hivyohivyo. Nani hapa amewahi kuchora galaksi kama foleni? Nasubiri mchoro huo, na nitaununua.

Muda umenibana. Sayari ya Zuhura nitaitaja tu: katika miaka 8 yetu yeye huzunguka jua karibu mara 13. Chora mstari kati yake na dunia kila baada ya siku chache, kwa miaka 8 hiyo, utapata ua la petali 5. Fanyeni nyumbani kwa rula na kikokotoo. Sayari ya Zohali nayo ina pembesita la mawingu kwenye ncha yake ya kaskazini, kila upande mrefu kuliko upana wa dunia; hilo ni la siku nyingine.

Sasa nanasi. Macho yake yamejipanga kwa mistari inayopanda kulia na mingine kushoto, kwa sababu kila jicho lilichomoza likiwa limegeuka kama nyuzi 137.5, pembe inayotokana na uwiano wa dhahabu, kutoka kwa lililolitangulia. Msiniamini. Lizunguke, wa mbele waanze: chaki nyeupe kwa mistari ya kulia, nyekundu kwa ya kushoto. Kwa kawaida ni 8 na 13. Mkipata vingine, nileteeni hapa tuhesabu pamoja.