Menengai: Unashuka Kimya, Unapanda Ukizungumza

NAFULA: Karibuni tena, wasikilizaji, popote mlipo, iwe Kisumu, Kakamega ama hapa hapa Nakuru. Mimi ni Nafula, na mwenzangu ni Baba Eli, ambaye leo ameingia akichechemea.

BABA ELI: Sichechemei. Magoti tu yananikumbusha Jumamosi.

NAFULA: Menengai?

BABA ELI: Menengai, na si pale ukingoni watu wanapopigia picha na kununua asali. Tulishuka mpaka chini kabisa.

NAFULA: Kwa ambaye hajafika, nieleze kidogo. Milima mingine unatoa jasho kwanza, halafu unateremka ukipiga soga. Menengai, hii kreta ya hapa Nakuru, yaani shimo kubwa la volkano, ni kinyume. Ukingo uko juu, mita 2,278 kutoka usawa wa bahari, na sakafu ya kreta iko karibu mita 500 chini yake. Unaanza kwa raha, kazi inakungoja mwisho.

BABA ELI: Na kazi hiyo ndiyo nataka tuizungumzie. Kwenye kundi letu kulikuwa na mzee mmoja aliyefiwa na mkewe. Amenipa ruhusa nisimulie, jina nisitaje. Kushuka kote hakusema kitu ila "angalia hilo jiwe". Tulipoanza kupanda, jua limekolea, akaanza kuongea. Maneno matatu, anapumua. Maneno matatu mengine, anapumua. Alieleza ule usiku wa mwisho wodini, wote, mpaka tukafika juu. Hakuna aliyemjibu. Nani angemjibu, na sote tunahema?

NAFULA: Lakini huyo mzee ana watoto, ana kanisa. Mbona hakuyasema huko?

BABA ELI: Nyumbani anakalishwa kitini, watu wanamzunguka, wote wamemkazia macho. "Pole mzee, jikaze." Atasema nini hapo? Kwenye njia nyembamba unaona mgongo wa aliye mbele yako, na aliye nyuma anaona wako. Machozi yakitoka, yanachanganyika na jasho.

NAFULA: Hapo umenigusa. Ila niulize kama wakili wa shetani: hiyo ni imani au ni mazoezi ya mwili? Maana kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotoka 2015. Waliwatembeza watu dakika 90, wengine kwenye nyasi na miti, wengine kando ya barabara kubwa yenye magari. Waliopita mitini walipungukiwa na ile tabia ya kuzungusha kichwani mawazo mabaya yale yale. Wa barabarani walirudi vile vile. Mungu hakutajwa.

BABA ELI: Hao walikuwa watu wenye afya zao, Nafula. Usiniambie dakika 90 zinamaliza msiba. Mimi nakubali miti inatuliza akili. Lakini mtu aliyefiwa hatafuti utulivu tu, anauliza ni kwa nini. Hilo swali lazima alipeleke mahali.

NAFULA: Ndiyo maana yale mapango ya maombi kule Menengai hayakosi watu.

BABA ELI: Tulipita karibu nayo. Kina mama wawili, blanketi, jerikeni ya maji, Biblia imefungwa kwa karatasi ya nailoni. Watu hukaa humo siku kadhaa wakifunga na kuomba. Mmoja akatupungia mkono, mwingine hata hakuinua kichwa. Na ujue ni mahali gani pale. Wamaasai husimulia kwamba katika vita vya karne ya 19, morani wa kundi la Ilaikipiak walitupwa ndani ya kreta na wenzao wa kundi la Ilpurko, na mvuke unaofuka chini ni roho zao zinazotafuta njia ya kutoka.

NAFULA: Na mvuke huo huo ndio GDC, kampuni ya serikali ya nishati ya mvuke, wanauchimbia visima vya umeme tangu 2011!

BABA ELI: Kila mtu na haja yake.

NAFULA: Upande wetu wa Ziwa Victoria, watu wa kanisa la Legio Maria huenda kwenye miamba ya Kit Mikayi, kule Seme, barabara ya Bondo. Miamba imepandana juu kama mita 40. Kuna mahali unapenya kwa ubavu, jiwe limekubana mbele na nyuma, baridi inaingia mpaka kwenye nguo. Ndani unasikia watu wakiimba na huwaoni. Mimi si wa Legio, lakini pale sikuthubutu kutoa simu.

BABA ELI: Afadhali wewe. Kuna vijana walishuka Menengai na spika mgongoni, muziki mpaka chini. Mtu ameacha mji mzima juu, kisha anaubeba!

NAFULA: Waache vijana, nao wana machungu yao.

BABA ELI: Wayabebe kimya kimya. Tulipowaacha mbele ndipo nikasikia ndege. Nikachuma jani la kichaka cha leleshwa, lile la kijivu upande wa chini, nikalifikicha. Harufu yake kama dawa ya kuchua kifua. Mzee akaniomba, akalishika puani muda mrefu, kisha akatia mfukoni.

NAFULA: Msikilizaji mmoja anauliza kama anaweza kushuka peke yake, maana hataki kuonekana akilia.

BABA ELI: Hapana. Njia za chini zinapotea, na lava ile nyeusi, yaani mawe ya volkano, ina makali, inakata soli. Chukua mwongoza njia, mwambie atangulie hatua kadhaa. Maji lita mbili, shuka asubuhi na mapema.

NAFULA: Na ikiwa wiki zinapita hulali, huli, unawaza kujidhuru, usingoje Jumamosi. Nenda hospitali leo.

BABA ELI: Leo hii. Kreta haiendi popote.

NAFULA: Safari ijayo nakuja, lakini mimi ni mtu wa ziwani, hewa ya huko juu itaniua.

BABA ELI: Utakaa nyuma na sisi wazee. Spika tu ndiyo hairuhusiwi.

NAFULA: Na nikitaka kuimba?

BABA ELI: Imba ukipanda. Tuone kama utamaliza ubeti.