Rockall: Kisiwa, Ndiyo. Lakini Kisiwa cha Namna Gani?

Ugomvi wa bendera ya nani ipepee Rockall tuuweke kando, tuanze na futi kamba. Kitako cha Rockall ni kama mita 25 kwa 31, kimo mita 17 hivi. Graniti tupu, masalia ya volkano iliyokufa, kilomita 301 magharibi ya St Kilda, visiwa vya Uskoti, huko Atlantiki ya Kaskazini.

Je, ni kisiwa? Ndiyo, na nimechoka kulijibu hili. Kipwa huzama maji yakijaa, Rockall haizami. Ibara ya 121 ya Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 haidai zaidi ya hapo. Tatizo liko aya ya tatu: mwamba usioweza kukalika na watu wala kuwa na maisha yake ya kiuchumi haupati maili 200 za baharini za haki ya uvuvi na mali nyingine za humo. Unabaki na 12 za maji ya mipaka.

Hapo husimama mtu: "Mbona mwaka 2014 kuna aliyekaa siku 45?" Alikaa, bwana! Ndani ya tangi lililofungwa kwa mikanda kwenye kibao cha mwamba chenye upana wa mita 1.3, kwa chakula alichokuja nacho, na dhoruba ikamzolea mapipa ya akiba. Huko ni kung'ang'ania. Chemchemi hakuna, udongo hakuna, ufuko hakuna. Hata kushuka ni kazi: unaruka boti likiwa kileleni mwa wimbi. Ukichelewa, boti linazama chini yako, wewe unaning'inia, kisha wimbi lijalo linakurudishia boti miguuni. Na unaposhika ni mwani. Juu zaidi, kinyesi cha ndege. Vyote utelezi.

Sasa pigeni hesabu. Duara la maili 12 ni kilomita za mraba 1,550 hivi. La maili 200 ni kama 431,000. Ndiyo maana mnasikia kelele kwa jabali dogo kiasi hicho.

Uingereza ililitwaa 1955, ikatunga sheria yake 1972, na 1997 ilipojiunga na mkataba ikaacha kupima maili 200 kutoka hapo. Sasa inapimia St Kilda. Zile 12 haikuziachia, na Ireland haizitambui, ndipo ugomvi wa uvuvi.

Iceland na Denmark? Wanadai sakafu ya bahari, si jabali. Hilo linataka ramani ya vina, na ukutani hapa sioni.